Fedha Zilizotoka na Kazi Iliyofanyika: Historia ya Hesabu Moja katika Mikataba Mikubwa ya Serikali ya Marekani

Serikali inapofunga mkataba mkubwa na kampuni ya ujenzi au ya viwanda, maswali mawili huulizwa kila mwezi: fedha zilizotoka ni kiasi gani, na kazi imefika wapi katika ratiba. Kwa muda mrefu maswali hayo yalijibiwa na watu wawili ambao hawakukaa meza moja. Mhasibu alilinganisha fedha zilizotumika na fedha zilizopangwa. Mhandisi alitazama kalenda akaeleza kipi kimekwisha na kipi bado. Kila mmoja wao aliweza kusema kweli tupu, na hata hivyo mwenye mali akabaki gizani, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeuliza swali la tatu: kazi iliyokwisha kufanyika ilistahili kugharimu kiasi gani?

Mfano mdogo utatosha. Tuseme shule ya madarasa kumi imepangwa kujengwa kwa miezi kumi na kwa dola 100,000, yaani darasa moja kila mwezi kwa dola 10,000. Mwisho wa mwezi wa nne mhasibu anakuta dola 40,000 zimetoka, sawasawa na mpango, naye anaridhika. Lakini madarasa yaliyosimama ni matatu tu. Kazi ya dola 30,000 imenunuliwa kwa dola 40,000; kila dola iliyotoka imeleta kazi ya senti 75. Mwendo huo ukiendelea, shule haitakwisha kwa dola 100,000 bali kwa zaidi ya dola 133,000. Na ili bajeti ya kwanza isivukwe, madarasa saba yaliyobaki hayana budi kujengwa kwa dola 60,000, maana yake kila dola ilete kazi ya dola moja na senti 17, kwa mikono ya mafundi walewale ambao hadi jana walileta senti 75. Hapo mkuu wa kazi anatakiwa kueleza ni kitu gani kitakachobadilika kesho, na mara nyingi hana la kueleza ila matumaini.

Kiasi kile cha dola 30,000 ndicho Wamarekani walichokuja kukiita thamani iliyochumwa. Kiswahili kinalipokea jina hilo bila taabu, kwani kitenzi kuchuma kina maana mbili ambazo hapa zinahitajika zote: kutungua tunda mtini, na kupata mali kwa jasho. Mwenye michungwa kumi hajachuma michungwa kumi. Amechuma yale yaliyokwisha kuingia kapuni, wala bei aliyolipia kapu haimo katika hesabu hiyo.

Wazo lenyewe halikuzaliwa serikalini. Katika viwanda vya Marekani vya mwanzo wa karne ya 20, wahandisi walioshughulikia utaratibu wa kazi walikuwa wakiweka kipimo cha saa kwa kila kipande cha bidhaa. Mfanyakazi aliyetoa vipande vilivyostahili saa nane, naye akatumia saa kumi, alihesabiwa kuwa amechuma saa nane. Hesabu ya aina hiyo ilikuwa rahisi mahali ambapo kipande cha leo kinafanana na cha jana. Ugumu ulianza pale serikali ilipotaka kununua vitu ambavyo havijapata kutengenezwa na mtu yeyote.

Mwaka 1955 Jeshi la Majini la Marekani liliunda ofisi maalumu chini ya William Raborn, afisa mwenye cheo cha admeri, ofisi iliyokuja kutengeneza kombora la Polaris la kurushwa kutoka katika nyambizi. Mwaka 1958 ofisi hiyo, ikishirikiana na washauri wa kampuni ya Booz Allen Hamilton na wahandisi wa Lockheed, ilitunga mbinu iliyoitwa PERT. Kazi zote zilichorwa kama mtandao, na kila kazi ikakadiriwa muda mara tatu: muda mfupi kabisa, muda unaoelekea zaidi, na muda mrefu kabisa. Julai 1960 Polaris ilirushwa kutoka chini ya maji kwa mara ya kwanza, na kabla ya mwaka kwisha nyambizi George Washington ilikuwa imekwenda doria na makombora yake. Sifa ziliiendea PERT, na kwa miaka michache mbinu hiyo ikawa kama hirizi: kila ofisi ilitaka kuwa nayo. Mtaalamu wa siasa Harvey Sapolsky, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Polaris, alionyesha jambo lisilopendeza sana, kwamba michoro ile ilisaidia zaidi kuwatuliza wakaguzi na wakubwa wa nje kuliko kuongoza kazi yenyewe. Inafaa jambo hilo liwekwe akilini, kwa sababu chombo cha kupimia kimekuwa pia chombo cha kujionyesha tangu siku zake za kwanza.

PERT ilihesabu siku bila kuhesabu fedha. Mwaka 1962 Wizara ya Ulinzi na shirika la NASA zilitoa mwongozo wa kuunganisha gharama na mtandao ule, lakini makampuni yalinung'unika, kwani kila mkandarasi alidaiwa kupangua upya vitabu vyake vya hesabu ili vifuate umbo moja lililoamriwa kutoka juu. Wakati huohuo Jeshi la Anga, katika kazi ya makombora ya Minuteman, lilianza kuhamisha hesabu ya viwandani, ile ya thamani iliyochumwa, na kuiingiza katika mikataba. Matokeo yake ni amri ya Wizara ya Ulinzi ya Desemba 1967, iliyoweka vigezo 35. Busara ya amri hiyo ni kwamba haikumwambia mkandarasi atumie mfumo gani. Ilimwambia tu maswali ambayo mfumo wake, uwao wowote, lazima uweze kuyajibu: kazi igawanywe katika vipande vinavyoonekana, kila kipande kiwe na bajeti yake, tarehe yake na mtu wa kukijibia, na thamani ya kipande isihesabiwe mpaka kazi yake iwe imefanyika kweli.

Lugha ya vigezo hivyo ni habari ya pekee. Kiini cha hesabu ni viwango vitatu tu: thamani ya kazi iliyopangwa, thamani ya kazi iliyofanyika, na gharama halisi ya kazi iliyofanyika. Lakini kila kiwango kilipewa jina refu la kiofisi, na kila jina likafupishwa kuwa herufi nne zisizotamkika. Kwa miaka karibu thelathini taarifa ziliandikwa kwa herufi hizo, na palizuka tabaka la wataalamu waliozisoma kama wengine wasomavyo magazeti, huku majenerali, mawaziri na wabunge wakizipita kurasa zao bila kuzifungua. Wengi hueleza hali hiyo kwa ugumu wa hesabu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa mtoto wa darasa la sita anaweza kugawanya 30 kwa 40. Kizuizi kilikuwa katika maneno, na kizuizi cha maneno kina faida kwa mtu asiyetaka kuulizwa.

Mtu mmoja aliuvuka mpaka huo kabla ya vigezo kutimiza mwaka. A. Ernest Fitzgerald alikuwa mhandisi wa viwanda aliyeajiriwa na Jeshi la Anga kusimamia mifumo ya uongozi. Ndege kubwa ya mizigo C-5A ilikuwa ikitengenezwa na Lockheed kwa mkataba wa mwaka 1965, mkataba uliosifiwa kwamba umefunga bei ya utengenezaji wote mapema na hivyo hautaleta hasara. Tarehe 13 Novemba 1968 Fitzgerald aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Seneta William Proxmire. Alipoulizwa kama gharama ilikuwa ikielekea kupita makadirio kwa dola bilioni mbili hivi, alikubali kwamba kiasi hicho kiko karibu na ukweli. Hakutoboa siri ya vita. Alithibitisha jibu la hesabu. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba nafasi yake inafutwa, na alipambana hadi mwaka 1973 ndipo tume ya watumishi wa serikali ikaamuru arudishwe kazini. Serikali ilikuwa imepanga kununua ndege 115 za aina ile. Ikaishia kununua 81.

Vigezo vya 1967 viliwabana wakandarasi wa jeshi la Marekani peke yao, kwa sababu sharti la namna hiyo huwekwa na mnunuzi. Kampuni ya Kimarekani iliyofanya kazi kwa serikali nyingine ilifuata yale tu ambayo serikali hiyo ilijua kuyadai. Msomaji wa Katanga hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa kazi kubwa ya miaka hiyo. Njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikabidhiwa kwa kampuni ya Morrison-Knudsen ya Marekani na kupata mikopo ya nje, ikiwemo ile ya benki ya serikali ya Marekani ya kusaidia mauzo ya nje. Ilianza kufanya kazi mwaka 1982, miaka kadhaa baada ya tarehe iliyokusudiwa, na gharama yake ilikuwa imeyaacha makadirio ya kwanza mbali sana. Katikati ya miaka hiyo bei ya shaba ilianguka, reli ya Benguela ilifungwa mwaka 1975, na vita viliingia Shaba mwaka 1977 na tena mwaka 1978. Hizo ni sababu za kweli, wala hakuna hesabu inayozuia vita. Lakini pale thamani ya kila kipande haikuandikwa mwezi kwa mwezi, sababu za vita na sababu za usimamizi huchanganywa katika jumla moja ya mwisho, na anayerithi deni hawezi tena kuzitenganisha.

Kesi iliyoipa hesabu hii umaarufu wake ilitokea Marekani, miaka kadhaa baada ya kazi ya Inga na Shaba kukamilika. Januari 1988 Jeshi la Majini lilifunga mkataba na kampuni mbili, General Dynamics na McDonnell Douglas, kutengeneza ndege ya mashambulizi iliyopewa jina la A-12. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya A-6 iliyokuwa imezeeka, na umbo lake lilikuwa pembetatu kamili lisilo na mkia, ili rada isiione kwa urahisi. Ndege nane za majaribio zingetengenezwa kwa bei iliyolengwa ya dola bilioni 4.38, na bei kikomo ya dola bilioni 4.84. Gharama ikipanda kutoka bei iliyolengwa hadi kikomo, pande mbili zingegawana mzigo. Ikivuka kikomo, makampuni yangebeba yenyewe. Kundi jingine la makampuni, lililoongozwa na Northrop, lilikuwa limeyatazama masharti hayo ya bei na kujitoa mapema. Hapo tayari palikuwa na taarifa ya bure kwa aliyetaka kuisoma.

Ndege ilipaswa kuruka kwa mara ya kwanza katikati ya mwaka 1990. Lakini sehemu kubwa ya mwili wake ilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, na makampuni yote mawili hayakuwa na uzoefu wa kutosha wa kutengeneza vipande vikubwa vya namna hiyo. Vipande vilichelewa, uzito ulizidi ule ulioandikwa katika mkataba. Na kwa kuwa mradi ulikuwa wa siri kali, waliokuwa na ruhusa ya kuona karatasi zake walikuwa wachache, na wachache hao walijuana.

Taarifa za kila mwezi ziliendelea kuandikwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mfumo wa upimaji ulifanya kazi yake vizuri. Viwango vile vitatu vilionyesha, mwezi baada ya mwezi, kwamba kila dola ilikuwa ikileta kazi pungufu, na wachambuzi wa gharama, mmoja katika ofisi ya mradi na wengine katika makao makuu ya wizara, walipiga hesabu ya mwisho na kuona kwamba kikomo kitavukwa kwa mbali. Kanuni waliyoitumia ilikuwa na ushahidi nyuma yake: katika mamia ya mikataba ya kijeshi iliyochunguzwa tangu miaka ya 1970, mkataba uliokwisha kutimiza asilimia 15 au 20 ya kazi huku ukiwa na hasara ulikaribia kila mara kumalizika na hasara kubwa zaidi. Hasara ya mwanzo hairudishwi baadaye. Hata hivyo mkuu wa mradi, alipoletewa makadirio kadhaa, aliegemea yale ya chini, na yale ndiyo yaliyopanda ngazi.

Tarehe 26 Aprili 1990 Waziri wa Ulinzi Dick Cheney alilieleza Bunge matokeo ya uchunguzi wa ndege kuu za kivita. Kuhusu A-12 alipunguza idadi iliyokusudiwa kununuliwa kutoka 858 hadi 620, lakini mradi wenyewe aliuacha uendelee kama mradi wenye afya. Wiki tano hivi baadaye, mapema Juni, makampuni yaliliarifu Jeshi la Majini kwamba kikomo kitavukwa kwa kiasi wasichoweza kukibeba na kwamba ndege haitaruka kwa wakati. Waziri alikuwa amesema mbele ya Bunge jambo ambalo karatasi za wizara yake mwenyewe zilikuwa zimelikanusha.

Uchunguzi ulikabidhiwa kwa Chester Paul Beach, mwanasheria wa serikali, na taarifa yake ilitolewa Novemba 1990. Hakukuta wizi. Alichokikuta ni kigumu zaidi kukiadhibu: maafisa waliotaka mradi wao upone, waliojua kwamba habari mbaya huletwa na mtu na kwamba mtu huyo hukumbukwa, na ambao kwa hiyo walichagua katika makadirio yote lile lililowezekana kutetewa kwa shida lakini bila kusema uongo mtupu. Ngazi iliyofuata juu ilipokea namba hiyo bila kuuliza imechaguliwa kutoka miongoni mwa zipi. Mkuu wa mradi aliondolewa, admeri mmoja akastaafishwa, na katibu wa wizara aliyehusika na manunuzi akajiuzulu Desemba ya mwaka huohuo. Inawezekana kuuona uamuzi huo kuwa wa haki. Lakini mtu akikumbuka yaliyompata Fitzgerald miaka ishirini kabla, kwa kosa la kinyume chake kabisa, atashindwa kuwalaumu bila kusita maafisa walionyamaza.

Tarehe 7 Januari 1991 Cheney aliuvunja mkataba. Moja ya sababu alizozitoa ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kumwambia ni fedha kiasi gani zaidi zingehitajika ili ndege ikamilike. Kwa maneno ya wahasibu alisema kweli, kwani ahadi ya namna hiyo haikuwepo. Kwa maneno ya wachambuzi, kadirio la kutosha lilikuwa mezani kwa watu wa chini tangu miezi kadhaa, nalo halikumfikia.

Baada ya A-12 hesabu hii ilibadilika jina na mwenyewe. Wizara ilianza kuitoa mikononi mwa wakaguzi na kuiweka mikononi mwa viongozi wa miradi. Mwaka 1996 vigezo 35 viliandikwa upya na makampuni yenyewe kuwa miongozo 32, na mwaka 1998 miongozo hiyo ikakubaliwa kuwa kanuni ya taifa zima. Zile herufi nne ziliachwa polepole, na maneno mepesi, thamani iliyochumwa likiwa mojawapo, yakachukua mahali pake. Kasoro moja ya zamani ilisubiri zaidi. Kwa hesabu ya kawaida, kazi iliyochelewa miaka miwili huonekana siku ya mwisho kana kwamba haikuchelewa hata kidogo, kwa sababu madarasa yote kumi yakisimama thamani iliyochumwa hulingana na iliyopangwa. Mwaka 2003 Walter Lipke alipendekeza kwamba ucheleweshaji upimwe kwa miezi badala ya fedha: iulizwe thamani iliyochumwa leo ilipaswa kuchumwa tarehe gani. Katika mfano wa shule, kazi ya mwisho wa mwezi wa nne ni ile iliyopaswa kuwapo mwisho wa mwezi wa tatu. Ni rahisi mno hata mtu hujiuliza kwa nini ilichukua miaka thelathini na sita.

Mkataba wa A-12 uliendelea kuishi mahakamani. Serikali ilidai irudishiwe zaidi ya dola bilioni moja na robo. Makampuni yalijibu kwamba serikali iliwanyima maarifa ya siri ambayo yangewawezesha kufanya kazi. Mwaka 2011 kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Januari 2014, wakati McDonnell Douglas ilikuwa imekwisha kumezwa na Boeing, pande zote zilipatana: kila kampuni itoe vitu na huduma za dola milioni 200. Boeing ilitoa ndege tatu za aina nyingine, na General Dynamics ikapunguza deni la serikali katika meli ya kivita. A-12 haikuruka hata siku moja. Mfano wake wa ukubwa kamili, uliotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa kwa wakubwa, umehifadhiwa Fort Worth, Texas.